Nani Alikunywa Dizeli ya Land Rover?

Mpenzi msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayekutana na maneno haya gazetini, juma hili naomba tuzungumzie tangi la mafuta. Usicheke. Kuna mtu aliyeitwa mwizi kwa sababu ya tangi la mafuta, na mimi nilikuwapo.

Ilikuwa mwaka 1996. Ndio mwaka ule ambao tarehe 21 Mei meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa na ndugu zetu, na baada ya hapo wengi wetu tuliogopa maji, tukaona afadhali tope la barabarani. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nyumbani ni Muleba. Jirani yetu, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa dereva wa mradi mmoja ambao sitautaja. Aliendesha Land Rover 110 ya dizeli, na gari lile alilitunza kama mtu anavyomtunza ng'ombe wa mahari.

Jioni moja alikuja nyumbani na kijitabu cha gari mkononi. Akaniambia, "Mwanangu, wewe unasoma Kiingereza. Hebu nisomee hapa panasema nini."

Kisa kilikuwa hiki. Mhasibu wa mradi alikuwa amepiga hesabu. Kitabu kinasema gari linakwenda kilomita 10 kwa lita moja. Mwezi uliopita gari limetembea kilomita 2,000. Kwa hiyo lilistahili lita 200. Lakini stakabadhi za sheli zinaonyesha lita 286. Je, lita 86 ziko wapi? Kwa ofisi jibu lilikuwa moja tu: zimefyonzwa kwa mpira usiku na kuuzwa. Mshahara wa mzee ukaanza kukatwa.

Nikasoma. Namba 10 ilikuwapo kweli. Lakini chini yake kulikuwa na maandishi madogo yaliyosema kwamba kipimo hicho ni cha mwendo wa kilomita 90 kwa saa, usiobadilika. Nilipomtafsiria, alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, kwetu hapa ni wapi mtu anakwenda tisini bila kukanyaga breki?"

Mpenzi msikilizaji, swali la mzee yule nimelibeba mpaka leo. Ili tulijibu, inatupasa turudi nyuma tuone namba hizi zilizaliwa wapi, na kwa ajili ya nani.

Zilizaliwa katika shida. Mwezi Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zinazochimba mafuta zilipunguza uzalishaji na kuwanyima mafuta Marekani na rafiki zake, kwa sababu ya vita kati ya Israeli na majirani zake. Pipa la mafuta ghafi lililokuwa likiuzwa karibu dola 3 likafika karibu dola 12 mwanzoni mwa mwaka 1974. Ghafla Wamarekani waliozoea magari makubwa kama nyumba wakajikuta wamepanga foleni sheli. Mwaka 1975 Bunge lao likapitisha sheria ya kubana matumizi ya nishati, na kila gari jipya likaanza kubandikwa karatasi dirishani kumweleza mnunuzi litakula mafuta kiasi gani.

Lakini karatasi ile ilipatikanaje? Gari halikupelekwa barabarani. Liliwekwa juu ya magurudumu ya chuma ndani ya maabara, likazungushwa mahali pamoja, kwa kufuata mwendo uliopimwa zamani katika mitaa ya Los Angeles. Tena jaribio lenyewe lilikuwa limebuniwa kwa kazi nyingine, yaani kupima moshi. Hapakuwa na upepo, hapakuwa na mlima, hapakuwa na mkungu wa ndizi juu ya keria.

Uingereza nayo, tangu mwaka 1978, ilitaka wauzaji waonyeshe namba tatu: ya mjini, ya mwendo wa kilomita 90 kwa saa usiobadilika, na ya kilomita 120 kwa saa usiobadilika. Unaona basi namba ya mzee wetu ilitoka wapi. Ofisi ilikuwa imeichukua ile ya tisini kwa sababu ndiyo iliyopendeza zaidi machoni.

Japani, ambako ndiko yanakotoka magari mengi tunayoyaona leo Bukoba mjini, ilikuwa na kipimo chake kilichoanza mwaka 1991. Kilichukua dakika 11, mwendo wa kilomita 4 na kidogo, kasi ya wastani kilomita 22.7 kwa saa, na kasi ya juu kabisa kilomita 70 kwa saa. Hiyo ni safari ya mtu wa Tokyo anayekwenda dukani. Gari likisha kuzeeka kidogo huko linapakiwa melini kuja Dar es Salaam, na ile namba ya dukani inakuja nalo.

Sasa tuangalie huku kwetu, miaka hiyo hiyo. Wakati wenzetu wanapima magari maabarani, sisi tulikuwa tunapima mafuta kwa debe na chupa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini na kushika ardhi yetu mpaka Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Malori na magari ya mashirika, na hata ya watu binafsi, yakachukuliwa kubeba askari na vyakula. Vita vikaisha mwaka 1979, na mwaka huo huo mkoa wetu ukaacha jina la Ziwa Magharibi ukaitwa Kagera. Lakini mwaka huo pia mapinduzi ya Irani yakapandisha bei ya mafuta duniani mara ya pili, na kufikia mwaka 1980 pipa moja lilikuwa limevuka dola 30. Nchi iliyotoka vitani na hazina tupu ingelipa na nini? Wakubwa zetu wanakumbuka amri ya kutoendesha magari binafsi Jumapili kuanzia saa 8 mchana. Wanakumbuka vibali. Wanakumbuka magendo ya mpakani. Katika miaka hiyo lita moja ya mafuta ilikuwa ni jambo la kumfikisha mtu mbele ya mkubwa kujieleza, na nadhani ndiko ofisi zetu zilikojifunza kumtazama dereva kama mtuhumiwa kabla hajafungua mlango wa gari.

Kisha ukaja mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara, ndani ya muda wa saa 24. Nyuma yao, kutoka upande wetu, yakafuata magari ya misaada, Land Cruiser na Land Rover nyeupe zenye nguzo za redio. Mkoa ambao gari la aina hiyo lilikuwa la mkuu wa wilaya, la misheni na la chama cha ushirika cha kahawa, ukajaa magari ya namna hiyo. Na kila gari lilikuja na kitabu chake, na kila kitabu na namba yake, na kila ofisi na mhasibu wake.

Basi turudi kwa mzee. Je, kwa nini lita 200 hazikutosha?

Kwanza, uzito. Gari la namna hii ni zito hata likiwa tupu, na huku halitembei tupu hata siku moja. Ukitoa watu wanane, magunia na pipa la akiba juu, unakuwa umemwongezea mnyama mzigo wa mnyama mwingine. Pili, milima. Bukoba mjini iko kando ya ziwa, na Ziwa Victoria lenyewe liko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ukifika Muhutwe ukaacha barabara kuu kupandia Kamachumu, unapanda na gia namba mbili, pengine namba moja, na injini inanguruma huku magurudumu yanajivuta. Mafuta yanaliwa kwa dakika, wala si kwa kilomita. Tatu, mvua. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na udongo wetu mwekundu ukilowa huwa kama sabuni. Hapo dereva hufunga magurudumu yote manne, gurudumu likazunguka mara tatu kwa hatua moja. Kilomita moja ya kitabuni imekwisha kuwa tatu kwa injini.

Mzee alifanya jambo la busara. Hakugombana. Alimwomba mhasibu apande gari. Wakajaza tangi mpaka shingoni pale Bukoba, wakaandika mita, wakaenda kwa njia ya Muhutwe na Kamachumu mpaka Muleba, wakarudi kwa njia ile ile, kisha wakajaza tena katika sheli ile ile. Kilomita 150. Tangi likameza lita 21 na nusu. Piga hesabu mwenyewe: ni kilomita 7 kwa lita. Na kilomita 2,000 ukigawa kwa 7 unapata lita 286. Mhasibu alishuka garini akiwa na tope mpaka magotini, maana sehemu moja ilimbidi asukume.

Usifikiri ni sisi tu tuliodanganywa na karatasi. Wenyewe waliozitunga wamelazimika kuzisahihisha mara kwa mara. Wamarekani walilalamika sana, hata kuanzia magari ya mwaka 1985 serikali yao ikapunguza namba za mjini kwa asilimia 10 na za barabara kuu kwa asilimia 22. Kuanzia magari ya mwaka 2008 wakabadilisha tena, wakaongeza vipimo vya mwendo mkali, vya baridi na vya kipoza hewa. Tena magari makubwa kabisa, kama Hummer H2, yalikuwa hayabandikwi namba yoyote, kwa sababu uzito wake ulivuka mpaka uliowekwa na sheria. Mpaka huo ulisogezwa kuanzia magari ya mwaka 2011. Mlafi kuliko wote ndiye alikuwa haulizwi amekula kiasi gani.

Ulaya ilikuwa hivyo hivyo. Taasisi ya utafiti iitwayo ICCT ililinganisha namba za maabara na mafuta yanayoliwa barabarani. Mwaka 2001 tofauti ilikuwa karibu asilimia 9. Kufikia mwaka 2015 ilikuwa imevuka asilimia 40. Viwanda vilikuwa vimejifunza kuufaulu mtihani: kuziba nyufa za milango kwa utepe, kujaza matairi upepo kupita kiasi. Ndipo kipimo kipya, kirefu na kikali zaidi, kikaanza Septemba 2017. Na Japani, Aprili 2016, kampuni ya Mitsubishi, hao wenye Pajero, ilikiri kwamba ilichezea takwimu za mafuta za magari madogo 625,000, na kwamba namna yake ya kupima haikufuata kanuni tangu mwaka 1991.

Sasa, mpenzi msikilizaji, nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi madereva wote ni malaika. Wizi wa mafuta upo, na kila aliyefanya kazi ofisi yenye magari anaujua mpira na kidumu. Ninachosema ni kwamba namba isiyo ya kweli haimkamati mwizi. Ikiwa kali mno, inamwonea mkweli. Ikiwa legelege mno, inamfunika mjanja. Tangu lami ilipoanza kuja huku baada ya mwaka 2000, kutoka Mutukula mpaka Muhutwe na kuendelea Muleba, gari lile lile linakula pungufu kwa safari ile ile. Ofisi inayoendelea kutumia kiwango cha enzi za tope inawapa wajanja tofauti hiyo bila hata ya kuwaomba mpira.

Na wewe unayetaka kununua gari lako la kwanza, ukiisha kuvutiwa na umbo lake la kiume, usiulize limeandikwa kilomita ngapi kwa lita. Muulize mwenye kulitumia Kamachumu. Bei ya lita moja Bukoba na Muleba ni kubwa kuliko ya Dar es Salaam. Zitazame bei kikomo za EWURA kila mwezi utaona, kwa sababu mafuta yenyewe yamekuja kwa lori toka pwani, na lori nalo limekula njiani. Kila lita ambayo karatasi ilisahau kuitaja, wewe utailipa kwa bei ya huku.

Dawa ni ile ya mzee. Jaza tangi mpaka shingoni, andika mita, tembea njia yako ya kila siku, jaza tena sheli ile ile, gawanya. Fanya hivyo wakati wa mvua, na ufanye tena wakati wa kiangazi. Kila ofisi ya mkoa huu ingekuwa na kiwango chake kwa kila njia, kimeandikwa na kutiwa sahihi na dereva na mhasibu waliopanda gari moja. Gharama yake ni siku mbili na tope kidogo.

Mtauliza mzee aliishia wapi. Baada ya safari ile makato yalisimamishwa, na kiwango cha gari kikabadilishwa kuwa kilomita 7. Lakini fedha za miezi mitatu zilizokwisha kukatwa hazikurudishwa. Waliambiwa hesabu za miezi hiyo zimekwisha kufungwa. Na hakuna aliyesimama mbele ya wafanyakazi wenzake kusema kwamba hakuwa mwizi. Aliendesha mwaka mmoja zaidi, akaacha, akarudi kwenye migomba yake. Kijitabu alikiacha kwetu, na ninacho mpaka leo. Ukurasa wa namba ile una alama ya kidole chake, ya grisi.