Nyuso za Mgunda Mkali

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, ikishalipa hongo za Ugogo, iliingia katika pori kavu ambalo wapagazi waliliita Mgunda Mkali. Richard Burton alipita huko mwaka 1857. Kusini ya njia hiyo, kando ya barabara itokayo Itigi kwenda Rungwa, ndipo ilipo leo Mitundu ya Mkoa wa Singida. Watu wa pwani waliozipokea habari za nchi hizo kutoka kwa wazee wao aghlabu hudhani kuwa bara ni mkusanyiko wa makabila yaliyotengana tangu asili, kila moja na umbo lake na rangi yake. Historia ya nchi hiyo inasema vingine.

Tanzania ndiyo nchi pekee barani ambamo jamii kuu nne za lugha za Afrika zinasemwa, na zote hukutana katika uwanda huu wa kati. Wakimbu, Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo husema lugha za Kibantu. Wataturu wana lugha ya Kinilo. Wairaki wa upande wa Mbulu lugha ya Kikushi. Na Wasandawe na Wahadzabe husema kwa vidoko. Kwa kuwa wana vidoko, Wasandawe na Wahadzabe walidhaniwa kuwa ndugu wa karibu, lakini uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa nasaba zao ziliachana maelfu mengi ya miaka iliyopita.

Wasafiri walioandika juu ya watu hawa walijitahidi kuwapanga kwa pua, midomo na rangi. Hata hivyo, alama walizozitegemea zaidi hazikuwa za kuzaliwa. Mgogo alijulikana kwa ndewe zake zilizotanuliwa, Mtaturu kwa chale zilizozunguka macho. Hizo ni kazi za mikono ya binadamu. Lau sura peke yake ingalitosha kumtambulisha mtu, pasingalikuwa na haja ya kisu wala ya kijiti cha kutanulia sikio.

Ukimbu wenyewe ni mfano ulio wazi. Wakimbu, warina asali na wawindaji mashuhuri, hawakuwa na mtemi mmoja, na baadhi ya nasaba za watemi wao husimulia kuwa asili yao ni Usagara, huko mashariki. Nembo ya utemi ilikuwa kipande cha kombe la baharini, kitu kilichosafiri kutoka pwani hadi kwa mtawala wa porini. Kisha, katika miaka ya 1870, akaja Nyungu ya Mawe, mtu wa nyumba ya kitemi ya Unyanyembe, akaziteka nchi za Wakimbu kwa jeshi la rugaruga. Jeshi hilo lilikusanya mateka, watoro na wapagazi walioiacha misafara, watu wa kila kabila. Nyungu alifariki mwaka 1884, na binti yake Mgalula akashika utawala. Wengi katika watu hao walioa, wakalima, wakazaa. Wajukuu wao wakawa Wakimbu.

Elimu ya siku hizi inaithibitisha habari hiyo. Mwaka 2007 watafiti walioongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha uchunguzi wa watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan, juu ya uwezo wa mtu mzima kunywa maziwa yasimdhuru. Badiliko moja la kinasaba, ambalo si lile la Ulaya, lilikutwa kwa wingi kwa wasemao Kinilo na kwa wasemao Kikushi vilevile, na kwa baadhi ya Wabantu pia. Umri wake ni miaka elfu chache tu. Ng'ombe walivuka mipaka ya lugha, na damu ikavuka pamoja nao.

Wasomaji wa visiwani hawana haja ya kwenda mbali kuutafuta ushahidi kama huo. Kati ya sensa ya Zanzibar ya 1924 na ile ya 1931, idadi ya walioandikwa kuwa Waswahili ilipungua mno. Watu hawakufa wala hawakuhama. Walijiita majina mengine. Miili ilikuwa ileile, kilichobadilika ni faida na hasara ya jina.

Tanzania Bara iliuliza kabila katika sensa kwa mara ya mwisho mwaka 1967. Swali hilo limetoka katika karatasi, lakini halijatoka katika vinywa. Katika nchi hizi za kati, ambako wafugaji wa Kisukuma na Kitaturu wamehamia na mifugo yao, panapozuka ugomvi wa malisho na mashamba mtu huangaliwa uso kwanza, kisha huulizwa alikotoka. Nasaba za watemi wa Ukimbu nazo zina jibu la swali hilo, na jibu lenyewe ni Usagara.