Kushoto Kwetu, Kulia Kwao

Dereva wa lori anayetoka Dar kwenda Kigali hubana kushoto safari nzima. Akivuka Mto Kagera pale Rusumo, anahamia kulia. Usukani ni ule ule, ila sasa akitaka kuovateki haoni mbele, mpaka utingo achungulie dirishani na kumwambia, "Twende!" Roho za watu wawili zipo kwenye neno hilo.

Nani kaweka mpaka huu wa kushoto na kulia? Kabla ya vita ya 1914, Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa koloni moja la Mjerumani. Aliposhindwa, Mwingereza akachukua Tanganyika, Mbelgiji akachukua Rwanda na Burundi. Kila mmoja akaja na desturi ya kwao. Mwenye nchi hakuulizwa.

Waswidi waliulizwa. Mwaka 1955 walipiga kura, na zaidi ya asilimia 80 wakakataa kuhama kushoto. Serikali ikawahamisha vilevile (ndiyo serikali hizo, jamani). Alfajiri ya Septemba 3, 1967, saa 11 kasoro dakika 10, magari yalisimama, yakasogea kulia taratibu, na saa 11 kamili yakaondoka.

Sisi tulipopata uhuru mwaka 1961 tulibadili bendera na wimbo. Upande wa barabara tukauacha. Hata neno "kipilefti" ni amri ya Kiingereza ya kubaki kushoto, tukaigeuza jina la mzunguko. Sasa mpeleke mtoto wa Dar mpaka Kigali, akaone kipilefti kinavyozungukwa kwa kulia!