Mtaniosha Wapi?

Niliacha chuo mwaka wa tatu wa usanifu majengo. Kwa hivyo mamangu alipopata ploti Kitengela, mimi ndiye niliyepewa kalamu. Ramani ya bure, si ndiyo? Nikachora nyumba ya ghorofa: sebule chini, vyumba vyote vya kulala juu.

Bibi, mzaliwa wa Lamu, akaitazama kwenye simu yangu. "Na mimi mtaniosha wapi?"

Nikadhani anauliza bafu.

Nyumba za mawe za Lamu, nyingi za karne ya 18, zilipangwa kutoka nje kwenda ndani: daka la mlangoni, kiwanda (ndiyo, ua usio na paa huitwa hivyo), misana miwili, kisha ndani kabisa. Urefu wa boriti za mikoko ndio ulioamua upana, chini ya mita 3, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Huko ndani ndiko wanawake walikojifungulia na maiti walikooshwa. Binti akiolewa hakuhama. Baba alimpandishia ghorofa, au alimjengea ng'ambo ya kichochoro, nyumba mbili zikaunganishwa juu kwa wikio. Ghorofa ya chini walilala watumwa. Hilo Bibi huwa halitaji.

Nimefuta ramani. Chumba chake sasa kiko chini, nyuma kabisa, mlango mpana wa kupitisha jeneza. Mama ameuona upana huo, hakuuliza kitu.

Changu bado sijakichora. Lamu kijana wa kiume hakujengewa. Alihamia kwa mkewe.