Kombolela ya Wazazi

Ukipita Majengo hapa Mpanda mida ya saa kumi na mbili jioni, ukamkuta mwanamume mzima amejibanza nyuma ya pipa la maji, anahema kama mbuzi aliyekurupushwa na mbwa, usiite sungusungu. Ni mimi. Nimejificha. Mwanangu wa miaka minne ananitafuta, na nikimwahi pale kwenye mwembe nitakuwa nimewakomboa wenzangu wawili waliokwisha kukamatwa.

Siku ya kwanza jirani yangu mmoja, mzee wa heshima zake, alinikuta hapo akasimamisha baiskeli. "Baba Fulani, umepatwa na nini leo?" Nikainuka, nikajipangusa magoti. "Shikamoo mzee. Nacheza na watoto." Akaitikia marahaba, akatikisa kichwa, akaondoka zake. Kile kichwa kimenisumbua siku nyingi. Maana mzee yule si mkorofi. Katika umri wake wote hajaona baba wa watu akijificha nyuma ya pipa, na sababu ipo. Ni sababu ya kihistoria.

Mji wetu ulikuzwa na risasi. Si ya bunduki, la. Madini ya risasi yaliyochimbwa Mukwamba. Kwa ajili ya madini hayo Waingereza walijenga reli ya tawi kutoka Kaliua, kilometa zipatazo 210 za pori tupu, ikafika Mpanda miaka ya 1940 ikielekea kwisha. Mgodi wenyewe ulifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, watu wakabaki, wakashika jembe: mahindi, mpunga, tumbaku. Baada ya mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 wakaja wakimbizi, wakapewa misitu ya Katumba na baadaye Mishamo, wakaigeuza mashamba kwa shoka na panga.

Sasa nikuulize, mtu aliyeshinda anagonga mwamba, au aliyeangusha miti tangu alfajiri, arudi nyumbani akimbizane na mtoto ili iweje? Mwili wake umekwisha kulipa kodi yake ya siku. Anaoga, anakaa barazani, analetewa maji ya kunawa. Mchezo ulikuwa mali ya watoto wenyewe. Dada wa miaka minane alimfunga mdogo wake mgongoni kwa kanga, akaingia naye kwenye rede hivyo hivyo, anakwepa mpira huku kichwa cha mtoto kinayumba. Babu na bibi walikuwa na utani wao na wajukuu. Baba alikuwa baba. Hakuna aliyemwona mvivu, wala asiyependa watoto.

Hata serikali iliuona mwili wa mwananchi hivyo hivyo. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio, wiki 12, watu wapatao milioni mbili nchi nzima. Walifundishwa habari za malaria, safura, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka karibu na nyumba. Habari ya kukimbia haikuwa hoja. Ungemwambiaje mkulima kwamba mwili wake hautikisiki vya kutosha? Angekupa jembe akuone wewe.

Mchakamchaka ulikuwepo, ndiyo. Sisi tuliosoma shule za msingi tunaujua, asubuhi na baridi, miguu mitupu, nyimbo juu. Lakini ule ulikuwa wa nidhamu na wa taifa, na uliishia siku unapokabidhiwa cheti cha darasa la saba. Wala hata Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, hakuna baba aliyeambiwa akaige. Kukimbia ni kazi ya vijana na wanariadha. Mtu mzima akionekana anakimbia, kuna mwizi au kuna msiba.

Turuke miaka 43. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati ule Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi. Safari hii maadui walikuwa presha, kisukari na unene. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuwa umeonyesha kwamba kati ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64, mmoja hivi katika kila wanne ana shinikizo la juu la damu. Katikati ya kampeni hizo mbili ndipo sisi tulipozaliwa na kukua. Jembe likageuka kalamu, baiskeli ya Phoenix ikageuka bodaboda inayokufuata mpaka mlangoni, na maji yakaanza kuja yenyewe kwa bomba, angalau siku yakiamua kuja.

Hapo nikumbushe jambo la London. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya mji huo. Dereva na kondakta walipanda basi moja, mitaa ile ile. Lakini dereva alishinda amekaa, kondakta alishinda akipanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Madereva ndio waliougua zaidi moyo. Yule kondakta hakuwa na habari kwamba anafanya mazoezi. Alikuwa kazini tu, kama mchimba risasi wa Mukwamba. Nilipoisoma habari hiyo nilijitazama: baba yangu alikuwa kondakta, mimi ni dereva.

Nami nilipopimwa presha nikaambiwa nifanye mazoezi, nilienda kweli nikanunua raba. Jumamosi mbili nikakimbia na kundi la wenzangu. Ya tatu mtoto akawa na homa, ya nne kukawa na harusi, na mama watoto akaniuliza swali moja tu: "Wewe ukienda kukimbia, hawa nani anabaki nao? Na mimi nitakimbia lini?" Sikuwa na jibu. Raba zikapanda juu ya kabati.

Kumbe jibu lilikuwa linanivuta suruali kila jioni. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za kutikisa mwili kwa wiki. Zamani ilisemwa kwamba lazima ziwe dakika kumi kumi bila kukatika, la sivyo hazihesabiwi. Mwaka 2020 sharti hilo liliondolewa. Dakika tatu za kukimbizana zinahesabiwa. Ukipumzika ukaanza tena, nazo zinahesabiwa. Tena wataalamu wanaopima nguvu zinazotumika katika kila kazi wanasema kucheza na mtoto kwa kutembea na kukimbia kunakula mara tatu na nusu ya nguvu za aliyekaa kimya, na mkikimbizana kwa nguvu hasa, karibu mara sita. Mtoto naye, wa miaka mitatu au minne, anatakiwa kuchangamka dakika 180 kwa siku. Huyo hatafutiwi mwalimu.

Ila nisikudanganye. Kinachonibana si pumzi, ni macho ya watu. Mimi mwanamume natikisiwa kichwa, basi. Mama mtu mzima akikimbia barabarani Majengo, atasemwa mpaka sokoni. Wala jasho lake la siku zote, la ndoo, la kuni na la mtoto mgongoni, hakuna aliyewahi kuliita mazoezi. Ndiyo maana mchezo wake umehamia uani, nyuma ya nyumba, ambako hakuna mpita njia.

Sikujua kwamba mke wangu alikuwa bingwa wa rede. Miaka yote hii hakuwahi kusema. Aliacha, anasema, siku alipoanza kuitwa mkubwa. Jumapili moja alijifunga kanga kiunoni, akachukua soksi zangu mbovu akazisokota na matambara mpaka zikawa mpira, akaweka chupa tupu katikati ya ua. Yeye upande huu, binti yetu upande ule, mimi katikati nijaze mchanga huku nakwepa. Mpira wa kwanza ulinipata mgongoni kabla sijainama. Wa pili sikioni. Mpaka leo chupa ile sijawahi kuifikisha nusu.