Sarafu za Tabora na Ushahidi wa Madini Yake

Sarafu ni hati fupi. Huandikwa kwa pigo moja kiwandani, kisha hupita katika mikono ya watu wengi ambao hawakushauriwa katika uandishi wake. Kwa hiyo mwanachuoni hana budi kuiuliza maswali mawili: kiwanda kiliandika nini, na dunia iliongeza au ilipunguza nini baadaye? Maswali haya yakichanganywa, mchezo wa sonara mmoja waweza kuingizwa vitabuni kuwa ni tendo la serikali.

Pwani ya Ziwa Tanganyika yatupa mfano mwema. Katika karne ya 19 soko la Ujiji lilikuwa na fedha yake yenyewe, nayo ni ushanga ulioitwa sofi, uliofanana na vipande vya shina la kiko. Baada ya 1890 zikaja pesa na rupia za Wajerumani, na kuanzia sarafu zenye mwaka 1904 rupia moja ikagawanywa katika heller 100 badala ya pesa 64. Heller imekwisha zamani, lakini jina lake lingali midomoni mwetu kila tusemapo hela. Mwaka 1914 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma, na mwaka uo huo vita vikaanza. Njia ya bahari ikafungwa na manowari za Waingereza, na sarafu zikawa haba.

Basi mwaka 1916 serikali ya Wajerumani ilipiga sarafu zake Tabora: heller 5 na heller 20, pamoja na rupia 15 za dhahabu zenye sura ya tembo. Heller zina taji, herufi D.O.A. na mwaka 1916. Upande wa pili zina herufi T, alama ya Tabora. Heller 20 zilipigwa kwa madini mawili, shaba nyekundu na shaba ya manjano. Kazi hiyo haikudumu. Wabelgiji waliingia Kigoma mwezi wa Julai 1916, na Tabora ikaanguka tarehe 19 Septemba.

Sarafu zilizopigwa kwa haraka namna hii hazikukosa dosari. Nyingine picha yake imekwenda upande, nyingine ukingo wake umemeguka, nyingine zina mstari ulioinuka kwa sababu muhuri ulipata ufa. Hizi ni kasoro za kiwanda kwa haki. Lakini heller 20 ikionekana na rangi isiyo ya kawaida, watu huwa wepesi kusema kuwa ni madini ya tatu, au kosa la nadra. Hapo ndipo subira inapohitajika.

Kanuni ya kwanza ni ya mfuatano wa matukio. Kosa la kiwanda hutokea kabla ya pigo au wakati wa pigo. Kuchovya hufuata baadaye. Tazama basi mikwaruzo na mahali palipolika. Ikiwa rangi ngeni imeingia ndani ya mikwaruzo na kuifunika, basi rangi hiyo ilikuja baada ya sarafu kutumika, wala kiwanda hakina habari nayo. Ikiwa rangi imetoka juu ya taji na kwenye ukingo, na chini yake paonekana madini mengine, hiyo ni ngozi tu.

Kanuni ya pili ni ya uzito, nayo yataka uangalifu. Heller 1 ya Berlin ina gramu 4, na vipande vyake vilikatwa kwa kipimo, kwa hiyo mizani ni shahidi wa kuaminiwa. Vipande vya Tabora vilitofautiana kwa unene. Uzito peke yake hauwezi kuihukumu sarafu ya Tabora, kwa maana tofauti itokayo katika unene yaweza kufanana na tofauti itokayo katika madini.

Shahidi asiyejali unene ni maji. Pima sarafu katika hewa, kisha ipime ikiwa imening'inizwa kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chombo. Gawanya uzito wa kwanza kwa uzito uliopungua. Tuseme sarafu ina gramu 11.60 na majini imepungukiwa gramu 1.30: jibu ni 8.92, nayo ni shaba nyekundu. Ikipungukiwa gramu 1.37, jibu ni 8.47, kipimo kinachowiana na shaba ya manjano. Tofauti ni ya sehemu chache za mia za gramu, kwa hiyo mizani ya dukani haifai.

Kipimo hiki kina faida kubwa kwa sababu shaba nyekundu huweza kupakwa zinki na kupashwa moto hata uso wake ukawa wa manjano. Macho yatasema manjano, maji yatasema nyekundu, tuyasadiki maji. Kinyume chake pia hutokea. Shaba ya manjano iliyolala muda mrefu katika udongo wenye unyevu, kama ule wa ufukoni, huweza kupoteza zinki ya juu na kubaki na uso mwekundu. Sarafu hiyo haikukosewa kiwandani wala haikuchovywa na mtu. Ardhi ndiyo iliyoigeuza.

Asije mtu akakata ukingo au kusugua uso ili aone ndani. Aliyefanya hivyo amepata jibu moja na ameharibu ushahidi wa majibu mengine, na mtafiti wa baadaye hatapata cha kupima. Wala sarafu iliyochovywa isitupwe. Yaweza kuwa ilivaliwa shingoni baada ya fedha yake kufa, na hiyo nayo ni historia ya watu. Kinachotakiwa ni kuiandika kwa jina lake: uzito wake, jibu la maji, mahali ilipookotwa, na hali ya uso wake. Tukifanya hivyo, kiwanda cha Tabora kitabeba makosa yake yenyewe tu.