Kungoja Gari: Habari za Uchukuzi wa Pamba Yetu

Katika Mikutano Mikuu ya miaka ya karibuni haukupita mkutano hata mmoja bila mwanachama kusimama na kuuliza habari za lori. Wengine huuliza kwa upole, wengine kwa ukali. Fedha zilikwisha kutolewa, mbona gari halikuonekana? Kwa nini pamba ya Bunda ilale ghalani mpaka vuli ibishe hodi, na hali kiwanda kiko tayari kuipokea? Maswali hayo ni ya haki. Na kwa kuwa kitabu hiki kimetolewa kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu, tumeona yafaa kulieleza jambo hili tangu asili yake, maana kungoja gari katika nchi hii hakukuanza na Chama chetu, wala hakukuanza na wengi wetu tulio hai leo.

Mkulima wa pamba hana haja ya kufundishwa maana ya kungoja. Hupanda vuli inapokolea, hupalilia, hupuliza dawa, na kuanzia Mei huanza kuchuma na kutenga pamba safi na pamba fifi. Ifikapo 15 Septemba sheria inamtaka awe amekwisha kung'oa masalia na kuyachoma. Kila kazi ina tarehe yake. Gari peke yake ndilo lisilokuwa na tarehe, nalo ndilo linaloamua kama pamba iliyotoka shambani ikiwa safi itafika kiwandani ikiwa safi, au itanyeshewa, ifukute na kubadilika rangi.

Zamani za babu zetu mizigo ya Musoma ilichukuliwa kichwani, kwa punda na kwa mikokoteni ya ng'ombe. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na ile ya kati ikafika Mwanza mwaka 1928. Hivyo Musoma ikawa mji wa bandari uliotazama pande mbili. Kila kitu cha chuma, kuanzia jembe hadi motokaa, kiliweza kuja kwa meli ya Ziwa. Mtu aliyeagiza lori alingoja meli ya Ulaya, akangoja behewa, kisha akangoja meli ya Ziwa. Ulikuwa ungojaji wa safari tu.

Ungojaji wa namna nyingine uliletwa na Vita Kuu ya Pili. Kuanzia mwaka 1939 viwanda vya Uingereza viliunda magari ya jeshi, na vita vilipokwisha mwaka 1945 nchi ile ilikuwa na deni kubwa la dola. Serikali yake ikavitaka viwanda viuze magari nje ili kupata fedha za kigeni, na Mwingereza mwenyewe akaambiwa asubiri. Wako waliosubiri miaka kadhaa. Tena aliyebahatika kupata gari jipya alitia sahihi mkataba kwamba hatoliuza kabla ya muda fulani kupita, kwa sababu gari likiwa adimu, aliyelipokea asubuhi aweza kuliuza jioni kwa faida. Huku Tanganyika Mpango wa Karanga wa Kongwa ulioanza mwaka 1947 ulikosa matrekta mapya, ukanunua mitambo chakavu iliyoachwa na majeshi, na hata vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Msomaji aukumbuke mkataba ule wa Waingereza, maana jambo lenyewe litarudi mbele yetu.

Miaka ya 1950 ndiyo wazee wetu huisimulia kwa furaha. Wakulima wa Jimbo la Ziwa walikuwa wamechoshwa na mizani za wafanya biashara, wakaanzisha vyama vyao, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Shirikisho la Victoria, ambalo Bwana Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mkubwa. Ushirika ukanunua pamba, ukamiliki viwanda vya kuchambulia, ukaweka malori barabarani. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, chama chenye fedha kilikuwa chama chenye gari. Shida ilikuwa bei tu.

Dalili za mabadiliko zilitokea mbali nasi. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikakatiwa njia yake ya kusini. Mafuta yake na shaba yake vikaanza kupita Dar es Salaam kwa malori, katika barabara mbovu iliyoyala magari kama moto ulavyo nyasi. Hatusemi kwamba Musoma ilikosa lori kwa sababu ya Zambia. Twasema tu kwamba kutoka hapo lori likawa jambo la siasa ya nchi, wala si bidhaa ya dukani tena.

Tumefika sasa kwenye miaka ambayo wanachama wenye mvi waliiona kwa macho yao. Mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ilipanda ghafla. Ukame ukafuata, nchi ikatumia fedha zake za kigeni kununua chakula. Mwaka 1974 likaundwa shirika la umma la State Motor Corporation, likapewa kazi ya kusimamia uingizaji wa magari yote nchini. Nia yake ilikuwa njema: fedha za kigeni ni chache, basi zisiteketee kwa magari ya anasa, yaletwe malori na mabasi kwanza. Lakini gari likawa halinunuliwi, linaombwa. Mwombaji aliandika barua na kueleza haja yake, barua ikapita ofisi hii na ile, na mwisho wa yote ilitegemea kama Benki Kuu ina fedha za kigeni za kutoa. Hapo wengi walingoja bila kujua wako wa ngapi katika foleni, au kama foleni yenyewe ipo.

Na kwa kuwa bei ya gari ilipangwa na Serikali nayo ilikuwa chini mno ya bei ya mtaani, kibali chenyewe kikawa mali. Hayo ndiyo yaliyowafanya Waingereza waandikishane mikataba. Katika Ujerumani Mashariki watu walingoja gari la Trabant zaidi ya miaka 10, na lililokwisha kutumika liliweza kuuzwa kwa bei kubwa kuliko jipya. Kwetu sisi palizuka kujuana. Mkono mtupu haulambwi, na mkulima wa Butiama aliyetaka lori la kubebea mazao hakuwa na cha kulambisha. Ni kweli wako wakubwa wengi waliokuwa waaminifu, lakini utaratibu unaomtaka kila mtu awe malaika si utaratibu wa kuutegemea.

Mambo matatu yakaongeza uzito. La kwanza, mwezi Mei 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi ya pamba ikatwaliwa na Mamlaka ya Pamba. Chombo alichokimiliki mkulima, ambacho aliweza kukiuliza swali mkutanoni, kikaondoka. La pili, mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Mikoa mingine ilisoma habari hiyo gazetini. Mara iliisikia katika injini. Vipuri ambavyo mtu alivifuata Kisii au Kisumu vikawa ng'ambo ya mpaka, na meli zilizobeba mabehewa kati ya Kisumu na bandari zetu zikagawanywa baina ya nchi. Mpaka haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. La tatu ni Vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia nchini mwishoni mwa Oktoba 1978, malori na mabasi ya watu binafsi na ya mashirika yalichukuliwa kupeleka askari na vyakula mbele, na mengi yalirudi mabovu. Ulikuwa wajibu wa Taifa, na hakuna mzalendo aliyenung'unika kwa hilo. Lakini lori lililovunjika Kagera halikubeba pamba ya Bunda msimu uliofuata. Mwaka 1979 mafuta yakapanda tena, na wananchi wakaombwa wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ile ilikuwa mirefu kuliko ilivyohesabiwa. Jumapili baada ya saa nane mchana magari binafsi yalikatazwa kutembea, ili kuokoa petroli.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo ulipo moyo wa jambo. Kilichopungua nchini hakikuwa magari, zilikuwa fedha za kigeni. Na fedha hizo zilitoka wapi? Zilitoka katika pamba, kahawa, katani, korosho na chai. Yaani robota la pamba lililosafirishwa nje ndilo lililonunua lori. Lori lilipokosekana, pamba ililala kituoni. Ilipolala, haikuchambuliwa wala kuuzwa nje. Isipouzwa nje, hazikupatikana fedha za kununua lori la mwaka ujao. Kiwanda cha matairi cha General Tyre kilikuwapo Arusha, lakini nacho kilihitaji malighafi za kununua ng'ambo. Mkulima aliyekawia kulipwa, akiona pamba yake imerundikana mpaka paa la ghala, mwaka wa pili alilima mtama na mihogo, ambayo hulika bila lori. Twaona hakuwa mvivu kama walivyosema baadhi ya watu. Alikuwa amepiga hesabu.

Mduara huo ulianza kukatwa mwaka 1984. Katika bajeti ya mwaka huo, Waziri wa Fedha akiwa Bwana Cleopa Msuya, mtu mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuingiza bidhaa bila kuomba fedha hizo Benki Kuu. Magari madogo ya kubebea mizigo yakaanza kuonekana hata katika miji ya mikoani. Katika miaka ileile vyama vikuu vilirudishwa, chini ya Sheria ya mwaka 1982. Na Mwalimu Nyerere, ambaye mwaka 1985 aliacha Urais akarejea kwao Butiama, alikwisha kusema waziwazi mwaka 1984 kwamba kama angeanza upya, yako mambo ambayo asingeyafanya, mojawapo kuvunja vyama vya ushirika. Sisi wa mkoa huu tuna sababu ya pekee ya kuyakumbuka maneno hayo. Aliyeyasema ni mtu wa kwetu, na yalimhusu mkulima wa kwetu.

Mengine yanajulikana. Shilingi ilishushwa thamani mwaka 1986, biashara ikafunguliwa, na kadiri miaka ilivyopita nchi ikajaa magari yaliyotumika Japani. Kibali kikafa, ikabaki bei. Mwenye fedha huchagua gari, hulipa, hungoja meli ifike Dar es Salaam, hulipa ushuru, basi. Wako wanaolalamika kwamba magari hayo ni makuukuu. Sisi twasema laiti wazee wetu wa mwaka 1981 wangeyapata makuukuu hayo.

Kisha foleni ikarudi, na safari hii dunia nzima ikapanga. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea mwaka 2020 viwanda vya magari vilifungwa, navyo vilifuta maagizo ya vipande vidogo vya elektroniki viitwavyo chipu. Vilipofunguliwa vikakuta chipu zimekwisha kuuzwa kwa waundao kompyuta na simu. Machi 2021 kiwanda kikubwa cha chipu cha Renesas kiliungua huko Japani, na mwezi huohuo meli ya Ever Given ikakwama katika Mfereji wa Suez kwa siku sita. (Magari yetu ya Japani hayapiti Suez, lakini uhaba wa makontena na nauli kubwa za meli vilimfikia kila mtu.) Mwaka 2022 vita vya Ukraine vikavinyima viwanda vya Ulaya nyaya za umeme wa magari. Walioshindwa kupata magari mapya wakayageukia yaliyotumika, na bei yake ikapanda nayo.

Ni katika kipindi hicho ndipo Chama chetu kilipoagiza lori lake jipya. Mwuzaji alituambia miezi minne. Ilipita miezi 14. Kila tulipoandika barua tulijibiwa kwa adabu kwamba kiwanda hakijatoa tarehe. Katika muda huo tulikodi malori ya watu, na mwenye lori hajui huruma katika msimu: mizigo ikiwa mingi hupandisha nauli, na akipata mzigo wa Mwanza wenye faida zaidi huliacha ghala la Butiama likingoja. Nauli ile ilitoka katika fedha ambazo zingegawiwa wanachama. Hii ndiyo hasara waliyoiuliza mikutanoni, nayo imeandikwa katika vitabu vya hesabu.

Sasa Halmashauri inapendekeza lori la pili, na maoni yamegawanyika. Wako wanaotaka jipya, kwa kuwa lina dhamana ya kiwanda na vipuri vyake ni vya hakika. Wako wanaotaka lililotumika, ambalo mtu aweza kuliona, kuliwasha na kuondoka nalo. Sisi katika ofisi twaelekea upande wa jipya, kwa masharti mawili. Agizo litolewe mara tu msimu mmoja unapofungwa, ili tuwe na miezi ya kutosha kabla ya Mei. Na mkataba utaje tarehe ya kupokea gari pamoja na fidia kwa kila mwezi utakaozidi. Wauzaji wawili wamekwisha kukubali sharti la tarehe. La fidia bado wanalifikiria. Barua zao zote zimo katika jalada la uchukuzi ofisini Musoma, na mwanachama yeyote aweza kuja kuzisoma siku za kazi kabla ya Mkutano Mkuu.