Bima ya afya ya hiari: Kwa nini wazee wengi Morogoro hawainunui?

Muulize mzee wa miaka 68 anayelima ndizi Kinole, kwenye miteremko ya Uluguru, kwa nini hana bima ya afya ya kujilipia. Jibu la haraka ni pesa. Ni kweli, ila kuna hesabu nyingine anayoipiga kimyakimya: tayari ana nini mkononi, na kadi mpya itamwongezea nini?

Kwanza ana msamaha. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaelekeza wenye miaka 60 na kuendelea wasiojiweza watibiwe bure kwenye vituo vya Serikali. Ndiyo maana hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Malalamiko ya miaka mingi ni kwamba mzee anaonwa na daktari bure, halafu dawa ya presha anaambiwa akanunue duka la nje.

Pili, kuna CHF iliyoboreshwa. Kwa utaratibu ulioanza 2018, kaya ya watu 6 mikoani ililipa Sh30,000 kwa mwaka na kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa mtu wa Matombo au Mgeta hiyo ni nafuu kubwa, lakini kadi inaishia Morogoro mjini. Akipewa rufaa kwenda Muhimbili, mfuko ni wake. Nauli ya bodaboda ya kushuka mlimani nayo hakuna bima inayoilipa.

Mwalimu mstaafu wa mjini yuko kwenye hali tofauti kabisa. Aliyekuwa mwanachama wa NHIF kazini anaendelea kutibiwa na mwenza wake baada ya kustaafu, bila kuchangia tena. Huyu ana uwezo kuliko mkulima wa Kinole, lakini naye hana sababu ya kununua bima nyingine.

Jambo hili halipo Tanzania tu. Mwaka 2008 wachumi wa Marekani, Jeffrey Brown na Amy Finkelstein, walionyesha kuwa Medicaid, mpango wa Serikali unaolipia matunzo ya wazee wasio na mali, unawafanya hata watu wa kipato cha kati wasione faida ya kununua bima binafsi ya matunzo ya uzeeni. Na hiyo Medicaid yenyewe haiwakingi vizuri hivyo.

Anayebaki sokoni ni nani? Mara nyingi ni mzee asiye na msamaha wala pensheni, ambaye tayari anaumwa kisukari au figo. Anatafuta kadi yenye mafao mapana, na mwenye bima anajua hilo. NHIF ilipoanzisha vifurushi vya Najali, Wekeza na Timiza Afya mwaka 2019, bei kwa mtu mmoja ilianzia Sh192,000 kwa vijana na kufika Sh984,000 kwa wenye miaka 60 na zaidi kwenye kifurushi kikubwa. Kampuni binafsi nyingi huweka kabisa ukomo wa umri wa kujiunga.

Hata ukilipa, upana wa mafao unaweza kubadilika. Machi 2024, NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha bei, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wake kwa muda. Kwa mzee anayetegemea dawa za kila mwezi, wiki moja tu ya "kadi haipokelewi" inatosha kumfanya aamini fedha taslimu.

Sasa kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023. Inaweka kitita cha mafao ya msingi, na wasio na uwezo kugharamiwa na Serikali. Kitita hicho kikiwa na dawa kweli dirishani, kampuni zitabaki kuwauzia wazee yale yaliyo nje yake: chumba cha peke yake, hospitali binafsi, vipimo vya haraka. Dawa zikikosekana, watoto walioko Dar ndio watakaoendelea kutuma pesa kwa simu.